Moshi juu ya vumbi: sigara ya mchimbaji wa Shinkolobwe

Mwaka 1964 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Radford na Vilma Hunt, walichapisha katika jarida la Science habari ambayo wavutaji wengi hadi leo hawajaisikia: moshi wa sigara una poloni, kitu chenye mionzi. Hakuna kiwanda kinachoitia humo. Inatoka ardhini. Urani iliyomo katika udongo, na katika mbolea za fosfeti, huvunjika polepole mno mpaka ikawa radiamu. Radiamu huzaa gesi ya radoni. Radoni hupanda hewani, na mabaki yake hutua juu ya majani ya tumbaku, ambayo yana vinyweleo vinavyonata. Jani hukaushwa, hukatwakatwa, huviringishwa katika karatasi, na mvutaji huingiza kifuani, pamoja na lami na nikotini, kitukuu cha urani.

Kwingi duniani hiyo ni habari ya maabara. Likasi ni habari ya nyumbani. Kiasi cha kilomita 20 magharibi ya mji huo wa Haut-Katanga ndipo ilipo Shinkolobwe, mgodi uliotoa mawe yenye urani nyingi kuliko karibu yote yaliyopata kuchimbwa duniani. Mtu wa hapo anayewasha sigara hahitaji kungoja radoni itue kwanza juu ya jani la shamba la mbali. Akiwa ndani ya shimo, radoni inamjia kutoka ukutani.

Historia ya Shinkolobwe imesimuliwa sana upande wa bomu. Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa Union Minière du Haut-Katanga, aliikuta urani hapo mwaka 1915. Uchimbaji ulianza 1921, na mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa radiamu iliyouzwa kwa bei ya kutisha. Sehemu ya radiamu hiyo ilikwenda katika hospitali za Ulaya na Marekani kutibu saratani, jambo ambalo mtu wa Katanga ana haki ya kulitafakari mara mbili. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na yaliyofuata Hiroshima yanajulikana.

Upande wa mapafu haukusimuliwa. Wakongo waliochimba na kuchambua mawe yale waliyashika kwa mikono, wakapumua vumbi lake, wakarudi kambini kula bukari na kuvuta. Mwaka 1960, uhuru ulipokuwa mlangoni, kampuni iliufunga mgodi na kuziba mashimo kwa zege. Lakini zege halikuziba njaa. Gécamines, iliyorithi mali za Union Minière, iliporomoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ikawaondoa kazini zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mkupuo. Waliokuwa na mshahara, hospitali ya kampuni na shule ya watoto walijikuta na sururu. Wengi walifuata kobalti, na kobalti ya Shinkolobwe imekaa pamoja na urani.

Mwanzoni mwa 2004 palikuwa na wachimbaji wadogo wapatao 6,000 mahali hapo. Amri ya rais ya Januari mwaka huo ilipiga marufuku uchimbaji. Julai sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Agosti kijiji kikabomolewa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye mwaka huohuo ulionya juu ya mambo mawili: mashimo yataanguka tena, na anayeishi na kufanya kazi pale hupata mionzi kidogokidogo kwa muda mrefu. Kufungwa hakukumaliza jambo. Wengine walihamia machimbo mengine ya ukanda huo wa shaba na kobalti, na taarifa za watu wanaoingia Shinkolobwe kwa siri zimeendelea kutolewa. Mwaka 2007 hata madini yenye mionzi yaliyokamatwa, ambayo yalipaswa kurudishwa na kuzikwa mgodini, yaliishia kutupwa katika mto Mura, karibu na Likasi.

Sasa turudi kwenye sigara.

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Nusu ya kiasi chake huvunjika ndani ya siku 3.8, na yanayobaki si gesi tena bali ni chembe ngumu za poloni, risasi na bismuthi. Chembe hizo hunasa kwenye vumbi na kwenye moshi, kisha huvutwa ndani pamoja nao. Zikikaa kwenye kuta za njia ya hewa hutoa mionzi ya alfa. Mionzi hiyo haiwezi kupita hata karatasi, lakini seli hai iliyo jirani nayo huivuruga vibaya. Mwili una namna ya kujisafisha: vinyweleo vidogo ndani ya koo la pafu husukuma makohozi juu, nayo makohozi hubeba uchafu. Moshi wa tumbaku huvilemaza vinyweleo hivyo. Kwa hiyo mchimbaji anayevuta huingiza sumu mbili, na moja kati ya hizo huvunja ufagio ambao ungeiondoa nyingine.

Hesabu yake imefanywa vizuri huko Ulaya. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Darby wa Oxford liliunganisha tafiti 13 kuhusu radoni ndani ya nyumba za watu. Kwa asiyewahi kuvuta, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 75 ulikuwa kama watu 4 kwa kila 1,000 pasipo radoni; nyumba ikiwa na radoni ya bekereli 400 kwa mita moja ya ujazo, wanakuwa 7. Kwa mvutaji, ni kama watu 100 kwa kila 1,000 pasipo radoni, na 160 ikiwepo. Hewa ni ileile. Kwa mmoja imeongeza vifo vitatu katika kila watu elfu. Kwa mwenzake imeongeza sitini. Na hizo ni nyumba zenye madirisha, si shimo lenye mdomo mmoja ambamo mtu hutambaa kwa magoti.

Kwa sababu hiyo nasita ninaposikia kampeni za tumbaku zikizungumza habari ya "mvutaji" kana kwamba ni mtu mmoja. Karani wa Kinshasa anayevuta sigara kumi kwa siku barazani na mchimbaji wa Likasi anayevuta kumi hizohizo hawavuti kitu kimoja. Wa pili ana vumbi la silika kifuani, pengine na radoni, hana mshahara wa mwezi, na zahanati iliyo karibu naye haina picha ya eksirei. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 80 ya watumiaji wa tumbaku duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Takwimu hiyo hutajwa sana. Inachoficha ni kwamba hata ndani ya nchi hizo madhara hayagawanywi kwa haki: yanalundikana kwa wale ambao kazi yao tayari inawala mapafu.

Wapo watakaojibu kwa hoja ya barazani: mzee fulani alivuta tangu ujana, akafa na uzee wake, hakukohoa hata mara moja. Inawezekana kabisa. Waulize kwanza kama mzee huyo aliwahi kushuka shimoni.

Lakini kuna hatari upande wa pili, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ukishasema kwamba sigara huzidisha madhara ya mgodi, umempa mwenye mgodi fimbo ya kumchapia mfanyakazi: umeugua kwa sababu unavuta. Historia ina ushahidi wa kutosha kuivunja fimbo hiyo. Mwaka 1879, madaktari wawili wa Saksonia, Härting na Hesse, walieleza uvimbe wa mapafu uliokuwa ukiwaua wachimbaji wa Schneeberg, katika milima ya mpaka wa Ujerumani na Bohemia. Mashine ya James Bonsack iliyoifanya sigara kuwa bidhaa ya kila mtu ilipata hataza mwaka 1881. Wachimbaji wale walikuwa wanakufa kabla sigara ya kiwandani haijawafikia. Upande wa pili wa milima hiyohiyo ni Joachimsthal, yalikotoka mawe ambamo akina Curie waliikuta poloni mwaka 1898, na huko pia wachimbaji walijulikana kwa ugonjwa wa kifua.

Ushahidi wa pili unatoka Marekani, na Likasi ingefaa kuujua kwa moyo, maana wachimbaji wa huko walikuja kuchukua mahali pa Shinkolobwe. Baada ya vita, Marekani ilitaka urani ya kwake isiyovuka bahari. Miongoni mwa walioichimba katika nyanda za Colorado walikuwamo watu wengi wa kabila la Navajo. Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo ilianza kuwachunguza mwaka 1950, ikawapima miaka mingi bila kuwaambia wazi kinachohofiwa. Wavutaji kati ya Wanavajo walikuwa wachache, nao walivuta kidogo. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1984 katika New England Journal of Medicine uliwafuatilia wanaume 32 wa Navajo waliougua saratani ya mapafu na kukuta 23 kati yao waliwahi kuchimba urani. Sigara haikuweza kubebeshwa lawama.

Kisha tazama sheria ilivyoandikwa. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwafidia waliodhuriwa na mionzi. Mchimbaji asiyevuta alitakiwa kuthibitisha kiwango cha 200, kwa kipimo maalumu cha migodini, cha radoni aliyopumua kazini. Aliyevuta alitakiwa kuthibitisha 300 iwapo saratani ilimpata kabla ya miaka 45, na 500 ikiwa baadaye. Kwa jamii ambayo tumbaku huwashwa pia katika ibada, swali la nani ni "mvutaji" likawa mtego. Ilichukua miaka kumi: marekebisho ya mwaka 2000 yakafuta tofauti hiyo na kushusha kiwango hadi 40 kwa wote. Yaani Bunge lilikubali, kwa kuchelewa, kwamba mvutaji aliyepewa hewa mbaya na mwajiri wake bado amepewa hewa mbaya.

Wakongo wa Shinkolobwe, waliotoa mawe ya kwanza, hawamo katika sheria hiyo kwa namba yoyote ile.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kazi ya kupunguza madhara ya tumbaku kwa wachimbaji haiwezi kuanza kama mtu anayehubiriwa anahisi anashtakiwa. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti kwa viwango vya juu kupindukia, watoto wakiwamo, na metali nyingine, urani ikiwa mojawapo. Watoto wale hawakuvuta chochote. Anayekuja na bango la "Acha sigara" katika mtaa wa namna hiyo, asiwe na neno lolote kuhusu vumbi, atasikilizwa kwa adabu na kusahaulika kabla jua halijatua. Ningekuwa mimi mchimbaji, ningemsahau pia.

Basi kwa nini tujisumbue na sigara? Kwa sababu, kati ya vitu vyote vinavyoingia kifuani mwa mtu huyu, ndicho pekee kinachoweza kuondolewa bila kungoja kampuni, mahakama au serikali. Hewa ya shimo haitabadilika wiki hii. Na kwa kuwa vitu viwili vikikutana vinaumiza kuliko jumla yake, kukitoa kimoja kunaokoa zaidi pale vilipokutana kuliko mahali palipo na kimoja tu. Rudia hesabu ya Darby: mvutaji akiacha mapema, sehemu kubwa ya vile vifo sitini inaepukwa. Mchimbaji ndiye mwenye faida kubwa kuliko wote katika kuacha, na ndiye anayesaidiwa kidogo kuliko wote.

Sababu zinazomfanya avute si siri. Anaanza kazi tumbo likiwa tupu, na nikotini huzima njaa. Anangoja mzigo upimwe, kisha anamngoja mnunuzi apange bei, na kungoja kunataka kitu cha kushika. Anashuka mahali ambapo jana pameua mtu. Jioni sigara huenda pamoja na lutuku, pombe kali ya kienyeji, na asiyevuta huonekana amejitenga na wenzake. Mwongozo wowote unaomwambia "tafuta shughuli nyingine ya kupunguza mawazo" umeandikwa na mtu aliyeshiba.

Kisha kuna namna sigara inavyouzwa. Kandokando ya machimbo, na kwenye meza ndogo za mitaa ya Kikula na Panda mjini Likasi, haiuzwi pakiti. Inauzwa moja moja, na kiberiti kinafungwa kwa kamba hapo mezani. Hili linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalovunja nguvu karibu silaha zote za kudhibiti tumbaku. Onyo lililochapishwa kwenye pakiti halimfikii anayenunua moja. Kodi ikipanda, bei ya sigara moja hupanda kwa sarafu ndogo isiyomshtua mtu. Mtoto anayejua hawezi kununua pakiti anaweza kununua moja. Na anayejaribu kuacha hukutana nayo kila baada ya hatua hamsini, kwa bei anayoimudu hata siku mbaya. Kongo iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2005, mwaka uleule ulioanza kutumika, na mkataba huo unazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 nayo inagusa tumbaku. Meza zipo palepale.

Sidai kwamba polisi watumwe kuzipindua. Anayeuza ni mara nyingi mama mjane au kijana aliyeumia shimoni, na operesheni za namna hiyo huishia kwa hongo. Lakini wauzaji wa jumla ni wachache na wanajulikana, na huko ndiko sheria ingeanzia kama ingekuwa na nia.

Kuhusu kodi, wasomaji wengi hukasirika: kwa nini maskini alipishwe zaidi kwa starehe yake ya pekee? Hasira hiyo ina msingi. Ni kweli pia kwamba bei ikipanda, wenye kipato kidogo hupunguza kuvuta kuliko matajiri, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza kodi ifike angalau robo tatu ya bei ya rejareja. Ninachokataa mimi ni kodi inayokwenda Kinshasa isirudi. Kumpandishia bei mtu aliyenaswa na nikotini bila kumpa msaada wa kuacha ni kumtoza faini kwa ugonjwa. Katika mji ulio njiani kwa malori ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, kodi bila usimamizi pia huzaa sigara za magendo, na kwa mapafu hizo hazina nafuu yoyote.

Msaada wa kuacha, basi, uwekwe wapi? Mtu aliyezoea mpango wa nchi tajiri atasema kliniki maalumu, simu ya ushauri ya bure, viraka vya nikotini. Viraka na pipi za kutafuna za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na mwaka 2021 ziliongezwa dawa mbili za vidonge, bupropioni na vareniklini. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu ya famasia ya Likasi. Na mchimbaji haendi hospitali kuuliza namna ya kuacha sigara. Huenda akikohoa damu.

Hapo ndipo mlango ulipo. Kongo ni moja ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Vumbi la silika humdhoofisha mtu mbele ya kifua kikuu, sigara humdhoofisha tena, kwa hiyo mchimbaji anayevuta ana nafasi kubwa ya kufika katika kituo cha afya kwa ajili ya ugonjwa huo. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6, na dawa hutolewa bure. Katika muda wote huo mtu anaonana na mhudumu yuleyule, ana hofu, familia inamwangalia, na kila akivuta kifua kinamjibu. Hakuna wakati mwingine katika maisha yake ambapo mfumo wa afya unamshika muda mrefu hivyo.

Nini kinaweza kufanywa katika miezi hiyo? Bangladesh na Pakistan, nchi zenye wagonjwa wengi na fedha kidogo, zimetoa jibu linalonipa matumaini kuliko mengi niliyoyasoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika Lancet Global Health uliwachukua wagonjwa 2,472 wa kifua kikuu waliokuwa wakivuta kila siku, katika vituo 32 vya afya. Wote walipewa ushauri mfupi na mhudumu wa kituo. Nusu yao waliongezewa saitisini, dawa ya mmea iliyotumika kwa miongo mingi Ulaya ya Mashariki. Nusu ya pili walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 6, walioacha moja kwa moja walikuwa asilimia 32.4 upande wa dawa na asilimia 29.7 upande usio na dawa. Watafiti walikuwa wanaitafuta dawa, na dawa haikutofautiana vya kutosha. Lakini isome tena namba ya pili. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu aliacha kwa kuongeleshwa tu, kwa utaratibu, na mtu aliyekuwa tayari kituoni kwa kazi nyingine.

Mazungumzo hayo hayahitaji shahada. Muuguzi wa Likasi anajua namna ya kuanza: "Papa, unavutaka sigara?" Jibu huwa "kidogo tu, mama," na hapo wengi hufunga daftari. Kinachotakiwa ni swali la pili na la tatu: ngapi kwa siku, ya kwanza saa ngapi, tangu uanze dawa umepunguza au umeongeza? Kisha siku ya kuacha inapangwa, mke au kaka anaambiwa, na kila anaporudi kuchukua vidonge anaulizwa tena, bila kugombezwa. Ningeongeza swali moja ambalo miongozo ya Bangladesh haikulihitaji: unachimba wapi? Kwa sababu mtu anayejibu kwamba anashuka shimo lenye mawe meusi mazito anastahili kuambiwa waziwazi radoni ni nini, na kwa nini sigara yake ni mbaya kuliko ya jirani yake anayeuza mkaa. Nimeona kwamba watu hawachukii ukweli wa namna hiyo. Wanachochukia ni kufichwa.

Na upande wa kazi? Vyama vya ushirika vya wachimbaji vipo kwa lazima ya sheria: Kanuni ya Madini ya 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe mwanachama wa chama kilichosajiliwa, na idara ya serikali, SAEMAPE, ina kazi ya kuwasaidia. Chama kinachoweza kukata asilimia fulani katika kila gunia kinaweza pia kununua pampu ya hewa, kulowesha mawe kabla ya kuyaponda ili vumbi lisiruke, na kukataza kuwasha sigara ndani ya shimo. Hatua hii ya mwisho wachimbaji wenyewe huielewa haraka, kwa kuwa hewa ya chini ni haba na kila mmoja ameona mshumaa ukififia. Wanawake wanaoponda na kuosha mawe juu ya ardhi, ambao wengi wao hawavuti kabisa, wangefaidika na maji hayo kuliko na bango lolote. Moshi wanaoupata wao ni wa nyumbani, jioni, katika chumba kimoja na watoto.

Kila mara mapendekezo ya namna hii huishia kwenye sentensi kwamba fedha hakuna. Katanga sentensi hiyo ina utata. Kanuni ileile ya 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya eneo mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Orodha za miradi ya fedha hizo hujaa madarasa, visima na barabara, vitu vinavyopigwa picha vizuri. Mhudumu mmoja wa kifua kikuu kupewa nusu saa zaidi kwa kila mgonjwa, daftari lenye safu ya sigara na safu ya shimo, na mtu wa kumsimamia kila mwezi, havipigwi picha. Gharama yake katika wilaya moja ya afya pengine haifikii bei ya gari moja la ofisi. Kamati zinazoketi kugawa asilimia hizo zina wawakilishi wa mitaa, na wachimbaji wana haki ya kuwauliza, kabla orodha ya mwaka ujao haijafungwa, kwa nini kifua chao hakimo.